Polishi ya kiatu si polishi ya gari

Neno likishazoeleka mdomoni hatuliulizi tena maana yake. Mojawapo ni neno polishi. Wengi wetu tulilijua kwanza kwenye kiatu. Mtoto wa shule aliambiwa jioni avipige polishi viatu vyake, naye akachovya brashi katika kikopo, akapaka, akasugua, vikang'aa. Polishi iitwayo Kiwi, iliyoanza kuuzwa huko Melbourne, Australia, mwaka 1906, iliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika nchi zetu, hata watu wengine wakaiita kila polishi ya viatu kiwi.

Sasa hapo ndipo lilipoanzia kosa ambalo leo nataka tulizungumze. Polishi ya kiatu huongeza kitu. Ina nta, ina mafuta na ina rangi, navyo hubaki juu ya ngozi. Polishi ya gari hupunguza kitu. Ndani yake mna unga mgumu, uliosagwa ukawa mwembamba kuliko unga wa sembe, na kazi ya unga huo ni kukwangua. Mwenye gari anayekwenda dukani na fikira za kiatu hununua kopo lolote lenye picha ya gari linalong'aa, kisha hupaka kila juma akiamini kwamba anailisha rangi ya gari lake. Kumbe anaila.

Nimeichagua Tukuyu, na Wilaya ya Rungwe kwa jumla, iwe mfano wetu, kwa sababu mahali pale pana majaribu mengi kwa rangi ya gari. Mji wa Tukuyu uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Dar es Salaam hupata kiasi cha nusu tu ya hiyo. Barabara kuu itokayo Uyole, Mbeya, ikapita Tukuyu kwenda Kyela na mpakani Kasumulu, ni ya lami. Lakini gari likiiacha barabara hiyo kufuata chai, ndizi, viazi, parachichi au maziwa huko vijijini, linakutana na udongo.

Na udongo wenyewe ni wa volkeno, zao la milima kama Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960, na Kyejo, ambao ulitoa lava karibu mwaka 1800. Umechanganyika na majivu ya kale na vipande vya lile jiwe jepesi lenye vitundu, liwezalo kuelea majini, ambalo watu husugulia nyayo zilizopasuka. Udongo huo ndio unaoistawisha migomba ya Rungwe, na hatuna budi kuushukuru. Lakini mtu anayefuta vumbi lake juu ya boneti kwa kitambaa kikavu anaisugua rangi ya gari kama asuguavyo unyayo.

Ongeza juu ya hayo utomvu wa ndizi. Mikungu ikipakiwa juu ya keria au ikaegemezwa ubavuni mwa gari, utomvu hudondoka, na ukikauka huacha doa la hudhurungi lisilosikia maji matupu. Mwenye gari akiliona doa hilo hukimbilia dawa kali kuliko zote. Basi mtu wa Tukuyu ana sababu nyingi za kutaka polishi, na kwa hiyo ana haja kubwa zaidi ya kujua anachokinunua.

Tuanze na rangi yenyewe. Gari la siku hizi, likiwa bado kiwandani, hupakwa kwanza dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya chini, kisha rangi tunayoiona, na juu yake tabaka moja lisilo na rangi yoyote, lipitishalo mwanga kama kioo. Mafundi wetu huliita klia. Mtindo huo ulienea katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo magari mengi yalikuwa na rangi moja tu kuanzia chini mpaka juu, urithi wa tangu mwaka 1923, kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoleta rangi ya Duco iliyokauka kwa saa chache badala ya majuma kadhaa ya vanishi ya brashi.

Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayokinga rangi iliyo chini yake isichomwe na jua. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa kichwa chako una maikroni 70 hivi. Kwa hiyo fahari yote ya gari, ile inayomfanya jirani ageuke kutazama, imo katika kitu chembamba kuliko unywele. Wataalamu wengi hushauri kwamba katika maisha yote ya gari isiondolewe klia zaidi ya maikroni 8 hivi, kwani ikipungua sana hushindwa kulizuia jua, nayo huanza kufifia, kubabuka na kutoka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Sasa, kitu hung'aa kwa nini? Aliyepanda mpaka ukingo wa Ziwa Ngozi asubuhi yenye utulivu anajua jibu. Maji yakitulia, kingo za shimo lile la volkeno na miti yake huonekana ziwani kama katika kioo. Upepo ukivuma, picha hupotea, ingawa maji ni yale yale. Rangi ya gari nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa tambarare, mwanga huipiga ukarudi kwa mpangilio. Ikijaa mikwaruzo midogo midogo, mwanga hutawanyika ovyo, na gari jeusi huonekana la kijivu.

Mng'aro, basi, hautoki katika kopo. Umo tayari katika rangi, na kazi ya polishi ni kuyatuliza mawimbi. Lakini rangi si maji. Njia ya kuuondoa mkwaruzo ni kukishusha kila kilichouzunguka mpaka kilingane na kina chake. Seremala anaielewa habari hii. Kabla ya karatasi za dukani, mafundi wa mbao walisugulia majani ya mti uitwao msasa, yenye kukwaruza kama tupa, na karatasi ya msasa ikarithi jina hilo. Seremala huanza na msasa mkali, humaliza na mwororo, na anajua kwamba kila apitapo ubao unapungua. Tofauti ni kwamba ubao wa seremala una unene wa kutosha kusamehe makosa. Klia haisamehi.

Haya, sasa tuingie dukani. Katika duka la spea makopo husimama safu moja, yote yakiwa na picha za kupendeza na ahadi zinazofanana. Lakini ukitazama kazi zake, ni ya namna tatu.

Namna ya kwanza ni kompaundi. Hii ni kali. Unga wake ni mkubwa, na ulitengenezwa ili kuondoa alama za msasa baada ya fundi kupiga rangi mpya, au kuifufua rangi iliyopauka sana. Ni dawa ya mgonjwa mahututi. Mtu hanywi dawa ya namna hiyo kila Jumamosi kwa sababu tu anataka kupendeza kanisani Jumapili.

Namna ya pili ni polishi yenyewe. Nayo hukwangua, lakini kwa upole, na huondoa ile mikwaruzo ya mviringo ionekanayo kama utando wa buibui jua linapopiga boneti. Gari linalotunzwa vizuri halihitaji polishi ya namna hii kila mwezi. Mara moja kwa mwaka inatosha, na mara nyingine hata hiyo si lazima.

Namna ya tatu ni nta, ambayo wengi huiita waksi. Hii haipunguzi kitu. Hufunika. Nta iliyo maarufu kuliko zote, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi na mtende uotao kaskazini mashariki ya Brazili. Mti ule huyapaka nta majani yake ili yasikauke. Wenyeji wa Rungwe hawana haja ya kwenda Brazili kuiona hekima hiyo. Watazame jani la gimbi baada ya mvua: matone hujikunja kama lulu, yakaviringika na kuanguka, jani likabaki kavu. Gari lililopakwa nta hufanya vivyo hivyo. Siku hizi kuna pia dawa za kiwandani zidumuzo kuliko nta ya majani, na nyingine ziitwazo seramiki ambazo hudumu zaidi. Zote hizo ni kinga. Hazifuti mkwaruzo. Ukizipaka juu ya rangi iliyochakaa, umeufungia uchakavu ndani.

Kwa hiyo swali la kumwuliza muuza duka si "Ipi inang'arisha sana?" Zote atasema zinang'arisha sana. Swali ni hili: "Hii inakwangua, au inafunika?" Akishindwa kujibu, soma maandishi ya kopo, au mwombe fundi wa rangi akusomee. Likiwa linasema ni la kuondoa mikwaruzo, linakwangua. Likiwa linasema ni la kukinga tu, linafunika.

Ukishajua hilo, fuata kanuni moja: anza na iliyo pole kuliko zote. Osha gari kwanza, lisiwe na chembe ya mchanga. Chagua mahali padogo, ukubwa wa kitabu cha shule, kivulini, bati likiwa baridi. Jaribu nta peke yake. Ikikuridhisha, simama hapo. Isipokuridhisha, jaribu polishi iliyo pole. Ni hiyo nayo ikishindwa ndipo ufikirie kompaundi, na hapo ni afadhali mkono wa fundi kuliko wako. Tazama pia kitambaa chako. Kikichukua rangi ya gari, gari lako halina klia juu ya rangi hiyo, au klia imekwisha, na rangi yenyewe ndiyo inayoondoka. Pitisha na ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina, wala polishi haitaumaliza bila kuimaliza rangi kwanza. Uvumilie, au umpe fundi auzibe kwa rangi.

Kingo za boneti, mikunjo ya milango na pembe za mabati zishughulikiwe kwa hofu. Hapo rangi hutangulia kwisha, na mashine ya kuzungusha ikitulia hapo kwa nukta chache hufika kwenye rangi ya chini. Huko ndiko kutu inakoingilia. Katika mji ambao mvua hunyesha kama Tukuyu, kutu haingoji kukaribishwa.

Ndugu msikilizaji, ziko pia njia za mkato. Wapo wanaofuta bodi kwa dizeli au mafuta ya taa ili ling'ae. Ni kweli, linang'aa kwa saa chache, kisha hayo mafuta hukusanya vumbi lote la barabarani, nayo huidhuru mipira ya milango. Wapo wanaotumia dawa ya meno, wasijue kwamba nayo ina unga wa kukwangua, na uliotengenezwa kwa ajili ya meno, si klia. Mafuta ya breki ndiyo mabaya kuliko yote, kwani huyeyusha rangi. Na sabuni ya unga ya kufulia, ambayo vijana wengi waosha magari huitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, huiondoa ile nta uliyoinunua kwa fedha yako. Sabuni pole ya maji, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, hiyo inatosha. Tena ndoo hizo zijazwe bombani, gari lisipelekwe mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na maji ya Kiwira yanayopita Rungwe yana wanywaji mpaka Ziwa Nyasa. Na utomvu wa ndizi uoshwe ungali mbichi, siku ile ile.

Labda mtu atasema haya ni mambo ya wenye nafasi. La hasha. Mwenye gari la fahari ana fedha za kulipaka upya. Anayeumia ni yule ambaye gari ndilo shamba lake. Chukua dereva wa gari dogo la abiria kati ya Mbeya na Tukuyu. Kila jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri. Abiria huchagua gari linalopendeza, na tajiri anapenda gari lake ling'ae, hivyo dereva huwapa vijana kompaundi kila mwisho wa juma. Baada ya mwaka mmoja au miwili boneti imeota mabaka meupe. Tajiri anamwuliza dereva amelifanya nini gari. Dereva anawalaumu vijana. Vijana wanasema walitumia kopo walilopewa. Wote watatu walitaka jambo jema, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kuharibu. Gari linaingia gereji, siku hizo za gereji hakuna hesabu, na rangi mpya inayokauka kwa hewa ya Tukuyu haitakuwa sawa na ile ya kiwandani iliyookwa katika joto la nyuzi 140 hivi. Kopo dogo limekula fedha za ada ya shule.

Tena tukumbuke kwamba sehemu kubwa ya magari yetu hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Klia tunayoipokea si mpya. Mwenyewe wa kwanza ameila kidogo, huenda na muuzaji ameila kidogo alipoliandaa kuuzwa. Tunachonunua ni masalio ya akiba katika benki ambayo haipokei tena fedha, inatoa tu. Mtu mwenye akiba ya namna hiyo hachukui kila juma.

Na hapa ndipo penye neno kwa wanunuzi. Ziko polishi zilizochanganywa na mafuta na nta za kuziba mikwaruzo. Haziiondoi, huijaza tu, kama puti ijazavyo ufa. Mwenye gari anayejua alichonunua hana kosa kuzitumia. Lakini zikiwa mkononi mwa dalali, gari lililochoka huonekana kama limetoka kiwandani jana. Mnunuzi hulipa, hufurahi, na huondoka. Kisha huosha gari mara tatu nne, mvua za Machi na Aprili zinanyesha, na mikwaruzo yote inarudi kama wageni waliokuwa wamejificha chumba cha pili. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mvua ya Tukuyu ni mkaguzi asiyekula rushwa.

Basi unapokwenda kununua gari, usilitazame likiwa ndani ya kivuli cha yadi. Omba lioshwe kwa sabuni mbele yako, likaushwe, litolewe juani. Inama utazame kwa ubavu, ambapo mwanga hauwezi kudanganya. Chunguza kingo za boneti na juu ya paa, kwani jua hupiga hapo kwanza. Ukimpata fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, kidude kidogo kinachosoma maikroni juu ya bati, mlipe akupimie. Gharama yake ni ndogo kuliko ya rangi mpya.

Ndugu msikilizaji, sisi ni watu tunaopenda kung'aa, na si vibaya. Tumezoea pia kuona mawe ya barabarani yakipakwa chokaa mgeni mkubwa anapotarajiwa, na mtaro uliozibwa nyuma ya mawe hayo ukiachwa kama ulivyo. Gari nalo linaweza kufanyiwa hivyo. Lakini kilichopakwa ili kionekane hudumu mpaka mgeni aondoke, au mpaka mvua inyeshe. Kilichosawazishwa kwa uangalifu, kikafunikwa kwa kinga, hung'aa hata mvua ikikatika.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kabla hujapaka, uliza: hii inakwangua, au inafunika? Wenye magari wa Rungwe wakiliuliza swali hilo, na wa Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wakaliuliza pia, wauza maduka nao watalazimika kulijua jibu.